MAMLAKA YA NCHI SI SHUKA LA KUJIFUNIKA: TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE

*TAWI LA MUNGAA*
*Jumapili, 14 Desemba 2025*

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa tawi,

Najua mvua imeanza na kila mtu yuko na jembe mkononi, lakini naomba taarifa hii isomwe mpaka mwisho. Mwenye simu amsomee asiye na simu.

Kwa wiki mbili sasa makundi yetu yamejaa sauti na video zenye ujumbe mmoja: anayetaja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ni msaliti, ametumwa na mabeberu, anauza mamlaka ya nchi. Wanachama kadhaa wamenipigia kuuliza kama kuweka sahihi kwenye azimio tutakalolijadili Jumamosi ni uhaini. Wengine wameomba majina yao yaondolewe kwenye orodha ya mahudhurio. Siwalaumu. Katika nchi ilivyo leo hofu ina sababu zake. Lakini tukikaa kimya, uongo utazoeleka na kuwa ukweli. Kwa hiyo najibu, hoja kwa hoja.

*1. NANI ALIIPELEKA TANZANIA THE HAGUE?*

Tulijipeleka wenyewe. Tanzania ilisaini Mkataba wa Roma tarehe 29 Desemba 2000 na kuuridhia tarehe 20 Agosti 2002, wakati wa Rais Mkapa. Ulianza kutubana tarehe 1 Novemba mwaka huo. Hakuna beberu aliyekuja na bunduki. Nchi huru ilitumia uhuru wake kusema: yakitokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, au uhalifu dhidi ya ubinadamu katika ardhi yetu, na sisi wenyewe tukashindwa au tukakataa kushughulika nayo, mahakama hii inaweza kuingia.

Hilo neno *tukashindwa au tukakataa* lisomwe mara mbili, kwa sababu ndilo wanaloliruka kwenye video zao. Mahakama ya The Hague haiji kuchukua kazi ya mahakama zetu. Inakuja pale tu mahakama zetu zimelala au zimelazwa. Nchi ikichunguza kwa dhati na kushtaki kwa dhati, The Hague haina la kufanya. Ufunguo wa kuizuia upo Dodoma, na ni ufunguo rahisi: tendeni haki nyumbani.

Mimi ni mtu wa hesabu, niliyesomea stashahada ya uhasibu, na mnaniruhusu niseme kwa lugha yangu. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakagua halmashauri yetu ya Ikungi. Sijawahi kumsikia diwani akisema mkaguzi amepora mamlaka ya halmashauri. Mkurugenzi ambaye vitabu vyake viko sawa anamkaribisha mkaguzi chai. Anayemwona mkaguzi getini akaanza kupiga kelele za "tunaingiliwa", ninyi wenyewe mnajua tatizo liko kabati gani.

*2. ARUSHA TULIKUWA MABEBERU?*

Wanaosema mahakama ya kimataifa ni kitu cha wazungu wamesahau historia ya nchi yao. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kimataifa Novemba 1994, na mahakama hiyo ikawekwa hapa Tanzania, Arusha. Ilifanya kazi mpaka Desemba 2015. Ilishtaki watu 93. Tarehe 4 Septemba 1998 ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji. Siku mbili kabla ya hapo, katika kesi ya meya Jean-Paul Akayesu, ilikuwa mahakama ya kwanza ya kimataifa duniani kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Tulijivunia kazi hiyo, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Jaji wetu William Sekule alikaa kwenye benchi la mahakama ile. Na Mtanzania mwingine alikuwa mkuu wa mashtaka pale. Jina lake ni Mohamed Chande Othman. Baadaye Umoja wa Mataifa ulimpeleka Timor ya Mashariki kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, kisha akarudi nyumbani akawa Jaji Mkuu wetu. Ndiye huyo huyo ambaye Novemba hii Rais amemteua kuongoza Tume ya kuchunguza yaliyotokea wakati na baada ya Uchaguzi wa 29 Oktoba.

Sasa nauliza. Mtanzania alipowashtaki wakubwa wa Rwanda kwa niaba ya dunia, mamlaka ya Rwanda yaliporwa na beberu Chande? Hakuna aliyesema hivyo. Tulisema damu ya mtu haina mpaka. Haiwezekani kanuni ile iwe haki ikivuka mpaka kwenda kwa jirani, halafu igeuke uhaini ikirudi nyumbani.

Wazee waliopigana vita ya Kagera watanielewa haraka zaidi. Mwaka 1979 jeshi letu lilifika Kampala na Idi Amin akakimbia. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, Julai mwaka ule, wakuu wengine wa nchi walitusema kwamba tumeingilia mamlaka ya Uganda. Tanzania haikuinamisha kichwa. Leo hoja ile ile tuliyoikataa Monrovia ndiyo tunalishwa Mungaa.

*3. MLANGO WA KWANZA ULIOFUNGWA HAUKUWA WA THE HAGUE*

Hapa ndipo nataka mwanachama asimame na kufikiri, kwa sababu hapa uongo wa hoja ya mamlaka unaonekana wazi.

Tuseme tatizo kweli ni wazungu. Tuseme tunataka Waafrika tuhukumiane wenyewe, kwa sheria zetu, kwenye ardhi yetu. Vizuri. Mahakama hiyo ipo. Ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ina majaji 11, wote Waafrika. Makao yake ni Arusha. Ukipanda basi Singida mjini asubuhi, unapita Katesh na Babati, na jua halijazama umefika. Jaji Mkuu wetu mstaafu, marehemu Augustino Ramadhani, alikuwa Rais wa mahakama hiyo. Mwaka 2021 Mtanzania mwingine, Jaji Imani Aboud, akachaguliwa kuwa Rais wake.

Machi 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mwananchi wa kawaida kwenda pale moja kwa moja kuishtaki Serikali, baada ya kumaliza mahakama za ndani. Wananchi walikwenda. Tazameni walichopata:

▪️ Mchungaji Christopher Mtikila alianza kudai haki ya mgombea binafsi mahakamani mwaka 1993. Nyumbani alizungushwa miaka mingi. Tarehe 14 Juni 2013 Arusha ikasema ana haki.

▪️ Tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, mahakama hiyo ilisema sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira inavunja haki ya kuishi.

▪️ Tarehe 15 Julai 2020 wakili Jebra Kambole alishinda kesi kuhusu Ibara ya 41(7) ya Katiba, ile inayosema matokeo ya Urais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama itakayoyachunguza. Arusha iliiagiza Serikali irekebishe ibara hiyo ndani ya miaka miwili.

Miaka miwili ilikwisha Julai 2022. Tumekwenda uchaguzi wa 2025 na ibara ile ile. Mgombea binafsi wa Mtikila naye mpaka leo hatujamwona kwenye karatasi ya kura.

Na Serikali ilifanya nini baada ya kushindwa kesi? Novemba 2019 ilipeleka barua Umoja wa Afrika kuliondoa lile tamko. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 mpaka leo, mwananchi wa Tanzania hana ruhusa ya kubisha hodi mwenyewe kwenye mahakama iliyojengwa nchini mwake na ambayo Mtanzania mwenzake aliiongoza. Raia wa Malawi, Ghana au Burkina Faso anapanda ndege kuja Arusha kuishtaki serikali yake. Sisi tunaoishi jirani tumefungiwa.

Kwa hiyo wanaotuimbia mamlaka ya nchi watujibu swali moja. *Kama ubaya wa The Hague ni uzungu wake, Arusha ilikosa nini?* Majaji ni weusi. Ardhi ni yetu. Mkataba ni wa Afrika. Kosa la Arusha lilikuwa kusikiliza wananchi na kuwapa haki. Kinachokataliwa hapa ni ukaguzi wenyewe, awe mkaguzi ametoka Ulaya, ametoka Afrika, au amezaliwa Tanzania.

*4. MWEKEZAJI RUKSA, MWANANCHI MARUFUKU*

Nilisema mimi ni mtu wa hesabu. Hesabu hii hapa.

Kampuni ya madini ya Indiana Resources ya Australia na wenzake walinyang'anywa leseni ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea. Waliishtaki Tanzania Washington, kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Julai 2023 wakashinda zaidi ya dola milioni 109. Julai 2024 Serikali ikakubaliana nao kulipa dola milioni 90. Hizo ni pesa za mlipakodi, pamoja na kodi ya mafuta ya alizeti unayouza wewe.

Sikusikia kwenye redio kwamba walioishtaki Tanzania Washington ni wahaini. Sikusikia kwamba mamlaka ya nchi yameporwa. Walikaa mezani, wakalipwa.

Maana yake ni kwamba mwenye leseni ya mgodi akipoteza mradi wake, ana mahakama nje ya nchi. Mama wa Mungaa akipoteza mtoto wake, akitaja mahakama ya nje anaitwa msaliti. Mamlaka ya nchi yanalegezwa kwa mwenye dola na kukazwa kwa mwenye jembe. Ndugu zangu, hiyo siyo hoja ya uzalendo. Hiyo ni daftari lenye safu mbili, moja ya wakubwa na moja yetu sisi.

*5. PALE AMBAPO WANA HOJA*

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. The Hague ina kasoro, na mwanachama wa tawi hili anapaswa kuzijua kuliko wapinzani wetu.

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi waliosimamishwa kizimbani pale walikuwa Waafrika. Ni kweli kwamba Marekani, China, Urusi na India hazijajiunga, na mwaka huu Marekani imemwekea vikwazo Mwendesha Mashtaka wa mahakama hiyo. Lakini nyongezeni na mengine. Kesi za Uganda na Kongo zilipelekwa na serikali za nchi hizo zenyewe. Rais Museveni aliyeipelekea kesi ya Joseph Kony ndiye aliyeikejeli hadharani siku ya kuapishwa kwake Mei 2016, wakati waasi aliowashtaki walikuwa wanaendelea kutafutwa. Kumbe mahakama ni nzuri ikimkamata adui yangu na ni ya kikoloni ikinigeukia mimi. Na leo hati za kukamatwa zimetolewa kwa Putin wa Urusi na Netanyahu wa Israeli, na Duterte wa Ufilipino yuko rumande The Hague tangu Machi. Wimbo wa "Waafrika tu" umezeeka.

Kasoro kubwa iko kwingine, na majirani zetu Wakenya walituonyesha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100. Tume ya Jaji Waki ilipendekeza mahakama maalumu ndani ya Kenya, na majina ya watuhumiwa yakafungwa kwenye bahasha akapewa Kofi Annan. Februari 2009 wabunge wa Kenya waliupigia kura ya hapana mswada wa mahakama hiyo. Julai bahasha ikaenda The Hague. Kenya ilipewa nafasi ya kujihukumu yenyewe ikaikataa, kisha ikalia kwamba inahukumiwa na wageni.

Mwisho wake? Desemba 2014 mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa. Aprili 2016 kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikavunjwa, na majaji waliandika wazi kuhusu mashahidi kuingiliwa. Waliouawa hawajapata haki mpaka leo, si Nairobi wala The Hague.

Funzo la Kenya kwetu ni hili: msiweke roho zenu zote The Hague. Haina polisi. Haina mabasi ya kuwaleta mashahidi. Ikinyimwa ushahidi, inafunga faili. Atakayewaambia kwamba mwakani ndege itakuja kumchukua mtu fulani, anawauzia upepo. Tunasikia kuna makundi yaliyopeleka taarifa kule tangu Novemba. Kupeleka taarifa siyo kesi. Mwendesha Mashtaka hupokea taarifa nyingi kutoka kila upande wa dunia, na akitaka kuanza uchunguzi kwa uamuzi wake mwenyewe lazima majaji wamruhusu.

*6. TUNACHODAI*

Rais mwenyewe alisimama Bungeni tarehe 14 Novemba akatoa pole kwa waliopoteza ndugu. Kwa hiyo habari ya kwamba hakuna aliyekufa imekwisha. Kilichobaki ni kujua nani, wapi, wangapi, na kwa amri ya nani. Vijana wetu wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wakitafuta maisha. Katika kata yetu ipo familia ambayo inasubiri simu ya kijana wake tangu wiki ile. Sitaitaja. Wenye kuijua wanaijua.

Tume imeundwa. Sisi wa Mungaa tuna sababu ya kuuliza maswali kuhusu uchunguzi. Tarehe 7 Septemba 2017 aliyekuwa Mbunge wetu, Tundu Lissu, mtoto wa hapa Mahambe, alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma, kwenye makazi ya viongozi. Imepita miaka 8. Hakuna hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani. Shambulio la mtu mmoja siyo kesi ya The Hague, na sidai hivyo. Naitaja kwa sababu ndiyo kumbukumbu yetu ya jinsi "tunachunguza" linavyoweza kuwa neno la kufungia faili.

Azimio tutakalolijadili lina mambo manne:

*(a)* Ripoti ya Tume itangazwe yote kwa wananchi, kwa Kiswahili, pamoja na idadi na majina ya waliokufa kadiri familia zitakavyoridhia.

*(b)* Waliofyatua na walioamuru wafikishwe mahakamani. Tume inachunguza tu, haihukumu. Kesi ya nyani hakimu akiwa ngedere haitakubalika. Wachunguzi wasitoke kwenye vyombo vinavyotuhumiwa.

*(c)* Serikali irudishe tamko la Arusha, ili mwananchi aweze kwenda Mahakama ya Afrika kama ilivyokuwa kabla ya Novemba 2020. Dai hili tunaliweka mbele ya yote, kwa sababu halina mzungu ndani yake wa kusingiziwa.

*(d)* Tanzania ibaki kwenye Mkataba wa Roma. Burundi ilijitoa Oktoba 2017, wakati tayari uchunguzi ulikuwa unanukia. Anayekimbia dukani siku ya kuhesabu mali hatuhitaji kumuuliza kwa nini.

Hakuna uhaini hapo. Ibara ya 8 ya Katiba inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata yake kutoka kwetu. Mamlaka ya nchi ni mali yetu tuliyowakabidhi watu waitunze. Mtunza stoo hawezi kumwambia mwenye mali kwamba kuhesabu magunia ni kumvunjia heshima.

*7. MAAGIZO KWA WANACHAMA*

Kenya iliangushwa na ushahidi uliopotea. Hesabu isiyo na hati haikaguliki, na mauaji yasiyoandikwa hayashtakiwi popote, si Dodoma, si Arusha, si The Hague. Kwa hiyo:

✅ Familia iliyopotelewa au kuumizwa iandike kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, alivaa nini, alipelekwa hospitali gani. Tunzeni kadi za hospitali, vyeti vya kifo na picha.

✅ Daftari libaki kwa familia, na nakala kwa mtu mmoja mnayemwamini.

❌ *Msitume majina, picha za majeruhi wala majina ya mashahidi kwenye kundi hili au kundi lolote.* Mashahidi wa Kenya walifikiwa kwa sababu walijulikana. Nitafuta ujumbe wowote wa aina hiyo.

❌ Msisambaze idadi msizoweza kuzithibitisha. Namba moja ya uongo inaua namba kumi za kweli.

Kikao cha ndani cha tawi ni *Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa 9 alasiri*, mahali pa kawaida, baada ya shamba. Kura itapigwa kwa siri, na asiyetaka kusaini hatasaini na hataulizwa. Aliyeomba jina lake litoke kwenye mahudhurio, limetoka. Anakaribishwa vilevile.

Akikuuliza mtu njiani kwa nini unataka nchi ihukumiwe na wageni, usigombane naye. Muulize tu: Arusha ilikosa nini?

Wasalaam,

*Katibu wa Tawi*
*Mungaa, Ikungi – Singida*